Udongo wa ukuta uliobomolewa: kipi ni alama, kipi ni uchafu

Swali ninaloulizwa kila nikipita na mkokoteni wa kifusi hapa Iringa ni lilelile, udongo si umejaa kila mahali, sasa kwanini unahangaika kununua udongo wa nyumba ya watu iliyobomolewa? Na kuna mwingine ataongezea hapohapo, halafu hiyo ni sanaa kweli au ni kifusi tu umekibandika kwenye ubao? Mi naona yote mawili ni maswali ya haki kabisa na yanastahili jibu la kueleweka, maana ndani ya hii kazi ya kutengeneza sanaa kwa mabaki ya nyumba zilizobomolewa kuna mambo ya udongo wenyewe, ya ufundi wa wazee, ya haki ya mwenye nyumba na ya soko, na yamefungana kama fito na kamba, ukivuta moja na lingine linakuja.

Ngoja nianze na donge moja ambalo liko mezani kwangu sasa hivi. Lina ukubwa wa mkate, limetoka kwenye jiko la nje la bibi mmoja upande wa Kalenga, jiko ambalo wajukuu walilibomoa baada ya kumjengea lingine la tofali za kuchoma na bati. Upande mmoja wa donge ni mweusi wa masizi, mweusi unaong'aa kama umepakwa mafuta, maana miaka yote hiyo moshi wa kuni na mvuke wa sufuria vilikuwa vinatua palepale. Upande wa pili ndo ulikuwa nje, ni kahawia hafifu, mvua imeulamba mpaka vichangarawe vimejitokeza. Ukiangalia pale lilipovunjikia unaona mifereji miwili ya duara ambako fito zilipita, na kwenye mmoja gome la mti limeacha chapa yake yote, hata kamba iliyofungia unaiona ilivyojisokota. Katikati kuna gunzi la mahindi, mtu aliona pana tundu akasindilia gunzi akapaka tope juu maisha yakaendelea. Na upande wa nje kuna mistari minne ya vidole, imeshuka ikilalia kulia kidogo, vidole vyembamba, bibi anasema ni vya mdogo wake maana ndo waliyekuwa wanakandika naye.

Udongo wa shimoni hauna hata kimoja cha hivyo. Ukichota udongo mpya unapata malighafi basi, ukichukua donge la ukuta unapokea kazi ambayo kuna watu walishaifanya, waliuchagua udongo, wakaukanyaga kwa miguu, wakachanganya nyasi, wakakandika, wakaishi nao. Kwa hiyo kabla hujaumba chochote una kazi ya kukaa na kila kipande ujiulize hapa kipi ni alama na kipi ni uchafu, afu utoe uchafu na uiache alama. Ukisikia hivyo unaona rahisi, lakini nakwambia nusu ya kazi mbovu nilizoziona, na za kwangu zimo, zimeharibikia hapo.

Mimi niliharibu mapao. Nilipewa mapao sita yaliyokuwa juu ya jiko la mama mmoja huku Iringa vijijini, meusi tii, nikayapeleka nyumbani, manne nikayasugua kwa brashi ya waya, nikapiga randa, nikamalizia na msasa mpaka mbao ikatoka rangi ya asali, nikaona nimeokoa mali. Mama alipokuja kuyaona tulisalimiana, kamwene, kamwene, akayapapasa kimya, afu akaniuliza, "Mwanangu, haya ndo yale?" Nikamwambia ndiyo mama, ndo yale. Akasema, "Mbona kama umenunua." Sikuwa na jibu. Miaka yote aliyopikia watoto wake ilikuwa kwenye ule weusi na mimi niliukusanya kwa ufagio nikautupa.

Na sio hisia tu, kuna na sababu ya kitaalamu ambayo nilikuja kuijua kwa hasara. Moshi wa kuni una lami na kemikali nyingine ambazo zikitua kwenye mti mwaka baada ya mwaka zinaufanya usipendwe na wadudu, na joto la jikoni linauweka mkavu muda wote, ndo maana wazee walikuwa wanapanga mahindi ya mbegu kwenye dari juu ya jiko na wala hayatobolewi. Mapao yangu ya rangi ya asali yalikaa miezi michache nikaanza kukuta unga laini chini kila asubuhi, wadudu washaingia ndani. Yale mawili ambayo sikuwahi kuyasugua yapo mpaka leo, mazima. Siku hizi masizi nayafagia kwa brashi laini ya kupakia rangi, yale yanayodondoka yenyewe ndo uchafu, yale yanayobaki nayaacha, na kama kazi itawekwa mahali watu watagusa basi napaka nta ya nyuki kidogo sana na kitambaa, inayashika yasichafue nguo za watu.

Turudi kwenye udongo maana hapa ndo penye utata mkubwa. Watu wanasema "udongo" kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe ukuta una vitu vitatu vinne tofauti na kila kimoja kina kazi yake. Kuna mchanga, chembe zake zinaonekana kwa macho, huo ndo mifupa, haunywei wala hauvimbi. Kuna vumbi laini katikati. Halafu kuna mfinyanzi wenyewe, chembe ndogo chini ya milimita 0.002, zimekaa kama visahani vilivyopangwa, na katikati ya visahani ndo maji yanaingia. Ukilowesha visahani vinateleza, ndo ule ulaini unaousikia mkononi, ukikausha maji yanatoka visahani vinasogeleana na udongo mzima unanywea, na ukiwa na mfinyanzi mwingi mno unanywea mpaka unapasuka. Nyasi zilizokatwakatwa zinafanya kazi ya nondo, zinashikilia ufa usikimbie. Kinyesi cha ng'ombe nacho kinaleta nyuzi fupi na ule utelezi unaofanya lipu ikauke ngumu na isinyonye maji haraka.

Ukitaka kujua ukuta ulionao ulichanganywaje, fanya jaribio la chupa. Saga kipande kidogo kisichokuwa na alama yoyote ya maana, weka kwenye chupa ya maji ya plastiki mpaka theluthi, jaza maji, weka chumvi kijiko kimoja, tikisa kwelikweli afu iache bila kuigusa. Mchanga unashuka ndani ya dakika moja hivi, vumbi laini linachukua masaa, mfinyanzi unaweza kukaa siku nzima na zaidi ndo unatulia juu. Kesho yake unasoma matabaka kwa rula. Udongo wetu mwekundu wa huku mara nyingi unakuta mfinyanzi umejaa, na ndo maana fundi mzuri alikuwa anauongezea kichanga cha mtoni bila kuambiwa na kitabu.

Sasa jambo ambalo napenda kila anayeanza alielewe kabla hajamwaga tone la maji ni hili. Udongo wa ukuta wa kukandika, na wa tofali mbichi, haujawahi kuchomwa, kwa hiyo hakuna kilichobadilika ndani yake, maji yaliingia yakatoka. Ukilitupa donge kwenye ndoo ya maji linarudi kuwa tope kama la siku ya kwanza, hata kama ukuta una miaka mingi. Hiyo ni baraka na ni hatari vilevile. Baraka kwa sababu unaweza kuutumia tena na tena bila kuupunguzia kitu, hatari kwa sababu ukililowesha donge la bibi vidole vya mdogo wake vimeenda na havirudi. Kwa hiyo mimi nagawa kifusi mafungu mawili. Vipande vyenye alama havioni maji kabisa, vinakaa kwenye maboksi ya mayai au kwenye majani makavu. Vile vingine vilivyosagika ndo naviloweka siku tatu nne, nachuja kwa chekecheo la unga, naongeza kichanga na nyasi mpya maana nyasi za zamani zimeshaoza au zimeliwa na mchwa, na tope hilo ndo linakuwa kitanda cha kushikia vile vipande vyenye alama. Ukuta unashikwa na ukuta wenyewe.

Wengi wanamwaga gundi nyeupe ya mbao ili kisidondoke kitu. Inashika kweli, siwezi kukataa, lakini ukishaimwaga umetia plastiki ndani ya udongo, rangi inakolea kama umelowa milele, na ule udongo hautarudi tena kuwa tope la mtu yeyote. Mimi siipendi. Natafuta mgongo mzuri badala ya gundi kali. Na hili nalo nililijua kwa kupoteza kazi, niliwahi kukandika juu ya plaiwudi nikidhani itafaa, tope likailowesha plaiwudi ikajikunja, ilipokauka ikajinyoosha na udongo ukaachia wote kipande kizima, ukaanguka sakafuni usiku tukadhani ni mwizi. Nikarudi kuangalia ukuta wenyewe unasimamaje, nikakuta jibu lipo miaka yote, fito zimefungwa zikiachiana nafasi ya vidole viwili na udongo unapita katikati unajishikiza upande wa pili. Sasa natengeneza fremu ya mbao, nafunga vipande vya mianzi iliyopasuliwa kwa mlalo, nakandika pande zote mbili. Haijawahi kuanguka.

Piga hesabu ya uzito kabla hujajisifu na ukubwa wa kazi. Mita moja ya ujazo ya ukuta wa udongo mkavu ina kama kilo 1,700, kwa hiyo kipande cha mita moja kwa mita moja chenye unene wa sentimita 3 tu ni kilo 50, yaani gunia la kutosha, na unataka mtu akitundike kwenye ukuta wa sebuleni kwa msumari. Ndo maana kazi zangu nyingi ni sentimita 60 kwa 90 na unene wa sentimita 2, hapo unapata kilo 18 hivi, watu wawili wanabeba wakipiga stori.

Nyufa je? Watu wananiambia jitahidi zisiwepo. Inategemea ni ufa gani. Kuna zile za mtandao kama shamba la mpunga kiangazi, hizo ni za kukauka, zinakuambia udongo ulikuwa na mfinyanzi mwingi au ulikaushwa juani haraka, na kama ni za tope langu mimi basi ni kosa langu naziziba. Ila kuna ufa unaoanzia kwenye kona ya mlango unapanda mshazari, huo ni wa nyumba, msingi ulizama upande mmoja na ukuta ukaenda nao. Ule ni alama. Nikiupata nahama nao mzima, nakata ukuta kwa msumeno wa miti taratibu nikiwa nimeufunga mbao mbele na nyuma, kazi ya siku nzima kwa kipande cha nusu mita.

Rangi ninayotumia inatoka mulemule. Wekundu wa udongo wa Iringa ni kutu, chuma kilichoungana na hewa, na kutu haina tena pa kwenda, jua haliichujushi wala haiozi. Ndo sababu ukienda Igeleke hapa jirani na mji unakuta michoro myekundu ya watu wa kale bado ipo kwenye mwamba, wakati nyumba zao hatuoni hata moja. Na kama una udongo wa njano, chukua kidogo utandaze kwenye kipande cha bati juu ya mkaa, utauona unageuka mwekundu mbele ya macho yako, kwa sababu kutu ya njano ina maji ndani na moto unayafukuza. Mara ya kwanza kumwonyesha kijana wa mtaani kwetu hilo alirudi kesho yake na kopo lake.

Tofali za kuchoma ni dunia nyingine. Udongo ukipita joto la nyuzi 600 hivi, yale maji yaliyofungwa ndani ya chembe zenyewe yanatoka na hayarudi, hapo umevuka, hata uloweke mwaka mzima haitakuwa tope. Shida ni kwamba tanuru zetu za kienyeji haziwaki sawa, tofali zilizo karibu na mdomo wa moto zinaiva mpaka zinayeyuka usoni zinatoa ngozi kama ya kioo, nyeusi yenye ukijani, zile za pembeni zinabaki nusu mbichi. Fundi anagonga mbili pamoja anasikiliza, zikilia kama chuma zimeiva, zikitoa sauti ya kufa hazijaiva. Mimi naongeza na kuziloweka usiku kucha, zile ambazo asubuhi zimeacha tope chini ya ndoo nazirudisha kwenye fungu la udongo. Zilizoungua sana, ambazo wajenzi wanazitupa, ndo dhahabu yangu, maana zimebeba picha ya moto ulipopita. Na vumbi la tofali ukilichanganya na chokaa linashika polepole likawa kama saruji hafifu, Warumi walijengea hivyo zamani kwa vigae vilivyosagwa. Ukikata tofali mwagia maji na vaa barakoa, lile vumbi lina mchanga laini unaokaa kwenye mapafu na hautoki. Na kama nyumba ni ya zamani ina yale mabati mazito ya kijivu ya asbesto, usiyaguse, usiyavunje, hata kama yanaonekana mazuri kiasi gani.

Kwenye mbao na mianzi nitapita haraka. Nyumba nyingi za miaka ya karibuni mbao zake ni msindano kutoka mashamba ya miti ya Sao Hill kule Mufindi, ni laini, inaliwa upesi, ila mashimo ya misumari yenye kutu kuzunguka ni mazuri mno. Nyumba za zamani zaidi zina nguzo za miti migumu ya porini, zimechongwa kwa shoka na kila pigo linaonekana, hizo piga brashi laini uziache. Mianzi ya Rungwe, ambako Wanyakyusa wamejenga nayo tangu zamani, inaharibika kwa sababu ndani yake kuna wanga ambao wadudu wanaupenda, tafuta ile iliyokuwa juu ya jiko. Nyasi za paa zikishatoka hazifai kuonyeshwa peke yake, zinaoza na zina vumbi baya, mi nazikatakata zinaingia kwenye tope.

Haya, ni sanaa au ni kifusi? Kwangu swali hili linajibiwa na kitu ulichofanya kwa makusudi ili mtu aone alichokuwa anakipita kila siku. Na hatuko peke yetu. Theaster Gates wa Chicago, ambaye baba yake alikuwa fundi wa kuezeka paa, alipewa jengo la benki lililokufa kwa dola 1, akachukua marumaru za mlemle ndani akazikata vipande na kuviuza mwaka 2013 kama hati za benki, dola 5,000 kipande, hela ikaenda kulikarabati jengo na mwaka 2015 likafunguliwa kwa watu. Ai Weiwei alikusanya milango na madirisha 1,001 ya nyumba za kale za China zilizobomolewa, akajenga nayo kitu kirefu Kassel, Ujerumani, mwaka 2007, dhoruba ikaja ikakiangusha, na akakiacha hivyohivyo kilivyolala. Afrika Kusini kuna Dineo Seshee Bopape anayejaza vyumba kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa. Ukiangalia wote hao utaona hawakuficha kitu kilikotoka. Marumaru imebaki marumaru ya benki, mlango umebaki mlango wa nyumba ya mtu.

Hapo ndo natofautiana na baadhi ya wenzangu wanaochukua mbao kuukuu wakazikata kuwa nyota na mioyo ya kutundika. Sio dhambi, inaleta hela ya kula, lakini ukiondoa jina la mahali zilikotoka hakuna kinachopotea, na kama hakipotei kitu basi ungetumia mbao mpya tu. Iringa watu wameshazoea kununua vitu vilivyotoka kwenye kinachoitwa taka, Neema Crafts wamekuwa wakitengeneza karatasi ya kinyesi cha tembo hapahapa mjini, kwa hiyo macho ya wateja yapo, ni sisi tu tuwaonyeshe tofauti.

Kingine kinachochanganya watu ni kudumu. Mnunuzi anauliza hii itakaa miaka mingapi? Mi namjibu, itakaa kadiri utakavyoihudumia. Msikiti wa Djenné kule Mali, jengo la sasa ni la mwaka 1907, ni udongo mtupu, na upo kwa sababu kila mwaka mji mzima unatoka kuupaka tope upya. New York kuna chumba cha msanii Walter De Maria kimejazwa udongo tangu 1977, kina mtu wa kuumwagia maji na kuupiga reki. Bibi zetu walikuwa wanapaka upya kabla ya mvua, wala hakuna aliyesema nyumba imeharibika. Kwa hiyo kazi yangu ikiuzwa inaondoka na kopo la unga wa udongo uleule na karatasi ya maelezo, ukidondoka pahala lowesha kidogo, paka kwa kidole, usiweke bafuni wala ukuta unaonyeshewa. Wapo wanaokataa kununua wakisikia hivyo, naelewa. Wengine ndo wanaipenda zaidi.

Ukipata mteja wa nje ya nchi jua kwamba kreti ya mbao lazima iwe imepashwa joto nyuzi 56 mpaka kwenye kiini cha mbao kwa dakika 30 na ipigwe mhuri, ni sharti la kimataifa la kuzuia wadudu, na udongo wenyewe nchi nyingi zinauogopa kwa ajili ya vijidudu na mbegu, kwa hiyo uliza mapema kabla hujafungasha, usije ukapeleka mzigo ukaishia bandarini.

Nimeacha la mwenye nyumba mwisho ila kwa kweli ndo la kwanza kufanya. Nyumba ya kukandika ikibomolewa huku kwetu mara nyingi kuna mtu amefariki, au kijana kapata hela kamjengea mzazi, na vyote viwili ni vitu vizito kwenye familia. Usiende kuongea na kijana aliyeshika sululu, atakupa bure na utakuwa umeiba. Nenda kwa mzee au kwa bibi, kaa, kunywa chai, eleza unataka kufanya nini, onyesha picha za kazi nyingine kwenye simu, uliza kama kuna kipande hawataki kitoke. Kuna nyumba niliambiwa chukua kuta zote isipokuwa ya chumba alichofia babu, ile ikaachwa ianguke yenyewe na mvua, na nikaona ni sawa. Lipa, hata kama wanasema ni kifusi tu, na andikianeni, kazi ikiuzwa familia inapata kiasi gani, jina la kijiji litajwe au lisitajwe. Kuna mtu aliwahi kuchukua mlango kwa familia ninayoifahamu kwa bei ya soda, wakaja kuuona kwenye picha ukiuzwa bei ambayo ingewaezekea nyumba, mpaka leo mgeni akiomba hata kigae wanamfukuza, na hawajakosea.

Sheria nayo ipo. Ile ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na milango na miimo ya kuchongwa ya kabla ya 1940, hivyo ukikutana na mlango wa namna hiyo usiubebe, nenda ofisi ya mambo ya kale ukaulize. Na kwenye mabaki ya ngome ya Mkwawa pale Kalenga, iliyotekwa na Wajerumani Oktoba 30, 1894, mtu asichukue hata kokoto. Ukuta ule umeshasema kila kitu ukiwa palepale ulipo, hauhitaji msanii.

Bibi wa donge langu yeye masharti yake yalikuwa mawili. La kwanza, kile kipande chenye vidole kisiuzwe, kikishaonyeshwa kirudi kwake, anataka akiweke kwenye jiko jipya juu ya mlango. La pili lilinishangaza mpaka nikamwomba arudie. Alitaka ndoo mbili za ule udongo niliousaga nimrudishie, kwa sababu alishazoea unavyokauka na tofali za kuchoma hazimpi kitu cha kuzibia banda la kuku. Nimeshauchekecha, uko kwenye mfuko wa saruji pale mlangoni. Ameniambia ufike kabla mvua za Novemba hazijaanza.